Upepo wa Mirihi na Nyayo Zake Mchangani

Askari aliyewahi kushika zamu Ngagara wakati wa kiangazi anaujua upepo utokao upande wa Ziwa Tanganyika: wenyewe hauonekani, bali vumbi husema umepita wapi. Ndugu wasomaji, kwa elimu hiyo hiyo ya kufuata nyayo wataalamu wameupeleleza upepo wa sayari ya Mirihi, ambako hakuna binadamu aliyekanyaga.

Kwanza tutazame kwa jirani. Karibu na Olduvai, nchini Tanzania, liko tuta la majivu meusi ya volkeno ya mlima Ol Doinyo Lengai, lenye umbo la mwezi mwandamo na kimo cha mita 9 hivi. Upepo wa mashariki huzipandisha punje kwenye mgongo wenye mteremko mdogo, nazo zikifika kileleni huporomoka upande wa pili ulio mkali. Kingo mbili za tuta, kwa kuwa zina mchanga haba, hutangulia mbele zikawa pembe. Basi mwenye kuziona pembe ameujua uelekeo wa upepo. Tuta zima huhamia magharibi kiasi cha mita 17 kwa mwaka.

Huko Mirihi, Novemba 1971, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilianza kuizunguka sayari, kikaikuta imegubikwa na tufani ya vumbi. Kikangoja, kama doria ingojavyo ukungu upungue. Vumbi lilipotua, picha zikaonyesha matuta ya mchanga.

Hapo likazuka shaka. Kanieneo ya hewa ya Mirihi haifikii hata sehemu moja kwa mia ya hewa yetu. Je, upepo hafifu namna hiyo waweza kusukuma mchanga, au matuta yale ni masalio ya zama za kale? Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kilichofika mwaka 2006, kilipiga picha mahali pale pale mara kwa mara, kutoka kimo cha kilomita 300 hivi. Picha zilipolinganishwa, matuta mengi yalikuwa yamesogea, kwa kawaida chini ya mita moja kwa mwaka. Uzito wa punje huko ni zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake hapa. Ikisharuka, huenda mbali na kuziamsha nyingine.

Wako watakaouliza faida ya haya. Madereva wa malori ya jeshi hawatauliza. Aprili 2005 gari la Opportunity, lililoongozwa kutoka duniani, lilizamisha magurudumu katika kituta kilichofinyangwa na upepo wa Mirihi. Lilinasuka Juni, baada ya wiki tano za kusogezwa sentimita kwa sentimita.