Keria Kabla ya Tela

Kila baada ya miaka michache hutokea mtu mwenye nia njema, aghalabu aliyefika kwa gari, akauliza kwa nini wakulima wa Simiyu, Tanzania, hawafungi tela nyuma ya baiskeli zao. Swali halina ubaya. Katika vijiji vya upande wa Bariadi, pamba, choroko, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mkaa na maji vyote hupanda baiskeli, na kwa hesabu ya karatasi tela la magurudumu mawili hubeba kuliko keria.

Hesabu hiyo huharibikia njiani. Sehemu kubwa ya mabonde ya huko Usukuma ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata mvua zikianza. Tope hilo likijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu hugoma kuzunguka, ndiyo maana baiskeli nyingi za kazi hazina madigadi. Njia ya kutoka shambani nayo ni mfereji mwembamba uliochimbwa na miguu ya watu na mifugo. Baiskeli hupita humo bila shida. Baiskeli yenye tela la magurudumu mawili huhitaji mifereji mitatu, na miwili ya pembeni hakuna aliyeichimba.

Liko tela la gurudumu moja linalofuata nyuma kwa utii. Lakini gurudumu la tatu maana yake ni tairi, tyubu, spoki na goroli za kununua zaidi, pamoja na kiungo kitakachokatika mbali na fundi. Mzigo ukizidi uwezo wa keria, kuna mkokoteni wa ng'ombe, na Usukuma haijapata kulalamikiwa kwa uhaba wa ng'ombe. Kwenye lami, kama ile ya kutoka Lamadi hadi Bariadi, tela lingeteleza vizuri sana. Tatizo ni kwamba hapo pana malori ya Fuso.

Kinachostahili kutazamwa ni keria yenyewe. Baiskeli ya Phoenix hutoka dukani na keria ya kubebea mkoba wa mwalimu. Mwenye kazi huing'oa mapema, akaenda kwa fundi wa kuchomelea amtengenezee nyingine ya nondo, pana, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Baiskeli hizi zimerithi umbo la Kiingereza la zamani, ambalo kwa desturi lina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Waliolibuni walijua mzigo utakaa wapi, ingawa sidhani kama waliwaza magunia ya mkaa.

Na mizigo haifanani. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, halibishani. Madumu yakining'inizwa pande zote mbili, chini ya usawa wa keria, uzito hukaa chini na baiskeli hutulia. Huko Ulaya watu hununua mifuko maalumu ya pembeni, yenye zipu, ili wapate faida hiyohiyo. Pamba ni kinyume chake: nyepesi kwa ujazo wake, kwa hiyo gunia hupanda hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji, na adui anakuwa upepo. Mkaa una hila yake. Gunia likikaa nyuma mno ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hausikilizi. Hivyo gunia la kwanza husogezwa hadi kugusa siti, na kwenye mlima mtu hushuka akasukuma. Kila kitu hufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mzigo ukishuka kwa mtikisiko, mpira huufuata na kuendelea kuubana. Kamba ya katani hulegea. Serikali imeipiga vita lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi, ila keria haina taarifa.

Huko Goma, mashariki mwa Kongo, wana chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, na mwaka 2009 iliwekewa sanamu mjini. Inafaa kule kwa sababu mazao ya milimani huteremka kuja mjini. Simiyu kwa sehemu kubwa ni tambarare. Chukudu ingekuwa gogo lenye usukani.

Miaka ya 1950, vyama vya ushirika vilipokuwa vikikua na pamba ikilipa, baiskeli ilikuwa moja ya vitu vya kwanza ambavyo fedha hiyo ilinunua. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoipa bodaboda leseni, abiria wengi wamehamia huko. Baiskeli imebaki na mizigo isiyo na haraka, yaani mizigo mingi. Usukumani wanawake pia huendesha, kwa hiyo dumu limeshuka kichwani mwa mama likapanda keria. Baiskeli hiyohiyo jioni hupeleka mtoto zahanati, jambo ambalo tela lingelifanya liwe gumu bila sababu.

Kazi moja imelifaa tela: kubeba mgonjwa. Malawi, Zambia na Namibia zimejaribu ambulansi za baiskeli, na ni kweli mjamzito hafungwi kwa vipande vya tyubu. Lakini kabla ya kuagiza moja kwa ajili ya kijiji, inafaa kwanza kuulizwa nani ataziba pancha. Baiskeli ya mtu huzibwa siku hiyohiyo. Tela la kijiji husubiri kikao cha kamati.