Shabu ya kusafisha maji taka: ogopa jerikeni lisilo na jina

Kiamaiko, hatua chache tu kutoka mtaa wa Huruma jijini Nairobi, ndiko sehemu kubwa ya Eastlands hununua nyama ya mbuzi. Machinjio yakioshwa, maji yanayotiririka sakafuni hubeba damu, mafuta na mabaki ya utumbo. Wataalamu hupima uchafu wa aina hii kwa kukadiria oksijeni ambayo bakteria watahitaji ili kuumaliza. Kwa kipimo hicho, damu tupu hupita miligramu 100,000 kwa lita. Kanuni za ubora wa maji ambazo Kenya ilitunga mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiliwa mtoni. Wavu na chujio havitoshi kuziba pengo kubwa namna hiyo, na ndiyo maana machinjio, viwanda vya sabuni, vya rangi, vya nguo na vya vyakula kote duniani hutumia kemikali za kugandisha uchafu.

Inayotumika zaidi ni aluminiamu salfeti, yaani shabu. Si kitu kigeni. Mtambo wa Ng'ethu, unaosafisha maji ya bwawa la Ndakaini kabla hayajafika kwenye mifereji ya Nairobi, huitegemea shabu hiyo hiyo. Nyingine ni feriki kloraidi, kimiminiko cha rangi ya kahawia iliyokolea ambacho doa lake halitoki nguoni, na aina mpya zaidi ya aluminiamu iitwayo polialuminiamu kloraidi.

Kazi ya shabu ni rahisi kuieleza. Chembe ndogo za uchafu majini zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo husukumana na kukataa kukaa pamoja. Unaweza kuacha ndoo ya maji hayo usiku kucha na asubuhi ukayakuta bado yamevurugika. Ukitia shabu, aluminiamu yenye chaji chanya huvunja msukumano huo, kisha hugeuka utandu mwepesi unaozinasa chembe. Maji yakikorogwa polepole, utaona vipande vidogo vyeupe vikitokea, vikishikana na kuwa mabonge mepesi yanayoelea kidogo, halafu yanazama. Juu hubaki maji maangavu na chini hubaki tope.

Mtambo wa maji taka wa Kariobangi, ambao uko jirani na Huruma na umekuwapo tangu miaka ya 1960, hutegemea zaidi bakteria wanaoishi juu ya mawe kuliko kemikali. Kwa hiyo si hapo hasa ambapo vijana wetu hukutana na shabu. Hukutana nayo kwenye mitambo midogo nyuma ya viwanda, huko Baba Dogo, Kariobangi Light Industries na Industrial Area, ambako kiwanda hutakiwa kupunguza makali ya maji yake kabla ya kuyaingiza kwenye bomba la jiji. Mtu anaamka alfajiri, anavuka Outer Ring Road kutafuta kibarua, anapata. Kazi ya kuinua magunia na kukoroga dawa mara nyingi huangukia mtu wa namna hii, mgeni ambaye hajaelezwa chochote. Ninaandika nikimfikiria huyo, na pia mama anayempokea jioni akiwa na macho mekundu.

Shabu kavu huja katika magunia, mara nyingi ya kilo 50, ikiwa mabonge au unga unaofanana na sukari guru iliyopauka. Ukiishika kwa mkono mkavu huhisi kitu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ikikutana na maji huzaa asidi. Mchanganyiko wa asilimia moja tu una ukali unaokaribia ule wa siki, na ule mzito unaouzwa tayari ukiwa kimiminiko hupita hapo. Jasho ni maji, machozi ni maji, na utando wa ndani ya pua umelowa muda wote. Vumbi la shabu likipeperuka gunia linapochanwa, hutua pahali hapo hapo penye unyevu na kuanza kuchoma. Mwenye pumu hubanwa kifua haraka kuliko wenzake. Ikimwagika sakafuni na kupata maji, huteleza vibaya sana, na mtu aliyebeba gunia begani huanguka nalo.

Feriki kloraidi ni kali zaidi. Inachoma ngozi, inaweza kupofusha jicho, inatafuna chuma cha kawaida, hata aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, na inashambulia aluminiamu kwa nguvu huku ikitoa joto na gesi inayowaka. Isiwekwe katika sufuria, debe wala pipa la chuma. Mahali pake ni tangi la plastiki nzito au lililowekwa mpira ndani.

Na chokaa? Shabu inapofanya kazi hula uwezo wa maji wa kuhimili asidi. Kila kilo moja ya shabu humaliza takribani nusu kilo ya uwezo huo. Maji yakiishiwa huwa makali, kwa hiyo mitambo mingi huongeza chokaa. Watu huihesabu chokaa kuwa kitu cha kupaka ukuta. Kwa jicho, chokaa ni adui mbaya kuliko shabu, kwa sababu vitu vya aina yake hupenya ndani ya jicho na kuendelea kuunguza wakati asidi nyingi huishia juu. Anayevaa miwani ya kinga kwa ajili ya shabu na kuivua akifika kwenye chokaa ameifanya kazi kinyume.

Vifaa vinavyohitajika havina maajabu: glavu za mpira ndefu, miwani inayoziba pembeni, barakoa ya vumbi (ya kitambaa haitoshi), aproni na gambuti, suruali ikiwa nje ya gambuti ili kimiminiko kisiingie ndani. Gunia lichanwe chini, karibu na mdomo wa chombo, bila kupigwapigwa. Maji hutangulia ndani ya pipa, dawa hufuata kidogo kidogo huku ikikorogwa. Ukibadilisha utaratibu huo, hasa kwa feriki kloraidi kavu au chokaa isiyozimwa, joto hupanda ghafla na mchanganyiko huruka usoni.

Kipimo nacho ni sehemu ya usalama. Tuseme tangi la kiwanda lina lita 10,000 na majaribio yameonyesha kwamba maji yake yanahitaji miligramu 200 za shabu kwa lita. Hiyo ni kilo mbili, basi. Asiyepima huchota ndoo nzima akiamini kwamba nyingi ndiyo bora. Maji hugeuka asidi, mabonge hayashikani tena, na yakimwagwa kwenye bomba hula saruji. Kanuni za 2006 zilitaka maji yanayoingia bomba la maji taka la jiji yawe na pH kati ya 6 na 9. Kama maji yamelala muda mrefu hadi kuoza, asidi hiyo inaweza pia kufungulia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Ikiwa nyingi, gesi hii huua pua kwanza. Unadhani imekwisha kumbe huisikii tu. Aliyeanguka ndani ya shimo lenye gesi hiyo asifuatwe na mtu asiye na kifaa cha kupumulia. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa.

Hata hivyo, ajali ninayoiogopa kuliko zote huanza na chombo. Shabu iliyoyeyushwa, feriki kloraidi na polialuminiamu kloraidi zote ni asidi. Zikikutana na dawa ya klorini ya maji, ile inayouzwa madukani kama Jik na ile ya kienyeji isiyo na jina, hutoa gesi ya klorini, gesi ya manjano-kijani iliyotumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Klorini huyeyuka katika unyevu wa mapafu na kuyachoma; mtu anaweza kukohoa kidogo, akarudi nyumbani, halafu pumzi ikamwishia saa kadhaa baadaye. Kiwandani, dawa hizi mbili mara nyingi hukaa chumba kimoja, kwa kuwa zote ni za maji. Zitenganishwe kwa ukuta, kila moja na pampu yake, kila moja na ndoo yake.

Uingereza ilipata somo kubwa la hatari ya kukosea chombo. Tarehe 6 Julai 1988, dereva aliyekuwa akishika zamu ya mwenzake alifika na lori katika mtambo wa maji wa Lowermoor, Cornwall. Hakukuwa na mtu wa kumpokea. Akafungua, akamwaga tani 20 za aluminiamu salfeti katika tangi lisilo lake, lenye maji yaliyokwisha kusafishwa na yaliyokuwa tayari kwenda majumbani. Watu wapatao 20,000 wa mji wa Camelford na vitongoji vyake waliyapokea. Maji hayo makali yalikwangua mabomba na kubeba shaba na risasi. Watu walipata vidonda vya mdomo, kuharisha na upele, na zaidi ya wiki mbili zilipita kabla ya umma kuambiwa kilichotokea. Kemikali ilikuwa ile ile inayotumika kila siku bila shida. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha tangi na mfumo wa kumzuia mgeni asikosee.

Sasa irudishe hali hiyo Huruma, ambako jerikeni halitupwi. Jerikeni tupu linalotoka kiwandani huuzwa, huoshwa juu juu, kisha hubeba sabuni ya maji, mafuta ya taa au maji ya kunywa yanayopandishwa ghorofa ya sita. Siliamini jerikeni linalotoka mahali pa kemikali hata likiwa limeng'aa. Kiwanda kinachojali hulisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia huyarudisha ndani ya mtambo wake, kisha hulitoboa ili lisiuzike. Wewe mnunuzi tazama alama: mchoro wa tone linalodondokea mkono na kipande cha chuma maana yake ni kitu kinachounguza. Na lebo iliyobanduliwa yote isikutulize, ikutie shaka.

Nyumbani, wapo wanaotia shabu katika maji yenye tope. Hutuliza tope, ni kweli, lakini haiui vijidudu vya kipindupindu. Maji yaliyoangaa bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini ya maji ya kunywa kwa kipimo chake, baada ya kuyamimina kutoka kwenye mashapo. Paketi ndogo za unga zilizojaribiwa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, utafiti wake ukachapishwa mwaka 2005, zilichanganya kigandishi cha chuma na klorini kavu kwa sababu hiyo, na kuhara kulipungua. Mchanganyiko huo umetengenezwa na wataalamu, na uko salama kwa kipimo chake cha lita 10. Hauigizwi jikoni kwa kuchukua dawa mbili tofauti.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, aweke alama kwenye vyombo vya kemikali na awe na karatasi ya maelezo ya usalama ya kila kemikali. Karatasi hiyo kwa kawaida ina sehemu 16: ya nne ni huduma ya kwanza, ya nane ni kinga, ya kumi ni vitu visivyopaswa kuchanganywa nayo. Kibarua ana haki ya kuiomba siku ya kwanza, kabla ya kushika gunia. Msimamizi akijibu kwamba hakuna, malalamiko yanapokelewa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS.

Jicho likiingiwa, lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, lenzi zikitolewa kama zipo. Usisugue, usitie maziwa, na usitie chokaa ili kuua asidi wala siki ili kuua chokaa. Nguo iliyolowa ivuliwe, na ngozi ioshwe vivyo hivyo. Aliyemeza asuuze mdomo na asilazimishwe kutapika, kwa sababu kinachounguza kikipanda huunguza mara ya pili. Aliyevuta gesi apelekwe kwenye hewa safi, kisha hospitalini hata kama anasema amepata nafuu. Na kabla hamjaondoka kwenda hospitali ya Mama Lucy au Kenyatta, mmoja wenu apige picha ya lebo ya chombo kwa simu, kwa sababu daktari atauliza ni dawa gani, na jibu la "ile ya maji" halimsaidii.