Mrututu, Meno ya Utotoni na Usonji

Mibuni ya kwanza ya Mlima Kilimanjaro ililelewa katika misheni ya Wakatoliki Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Kahawa ikasambaa vihambani, na magonjwa yakaifuata: kutu ya majani, kisha chulebuni. Wakulima wakayakabili kwa mabomba ya kupulizia yenye mrututu na dawa nyingine za shaba, msimu baada ya msimu. Watafiti waliopima udongo wa mashamba ya kahawa mkoani Kilimanjaro wameikuta shaba hiyo imejilimbikiza kwenye tabaka la juu. Humo humo, chini ya mibuni, yanaota maharage na migomba, na watoto wanacheza.

Kwa hiyo mzazi wa Kilema mwenye mtoto mwenye usonji ana haki kabisa ya kuuliza kama metali zinahusika.

Sehemu ya jibu imo kwenye meno. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru wanajua kwamba jino halisahau. Madoa ya kahawia kwenye meno ya wengi wao yametokana na floraidi ya maji, na ya magadi yanayotiwa kwenye maharage na kiburu, iliyoingia jino likiwa bado linajengwa. Metali nazo huacha alama hapo, kwa kuwa jino hukua tabaka juu ya tabaka kama pete za shina la mti, tangu mtoto akiwa tumboni.

Mwaka 2017 Manish Arora na wenzake wa chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, walichunguza kwa miale ya leza meno ya utotoni yaliyong'oka ya mapacha wa Sweden. Wenye usonji walikuwa wamepokea risasi nyingi zaidi, na manganizi na zinki kidogo zaidi, kuliko pacha wenzao, katika vipindi fulani kabla na baada ya kuzaliwa. Mwaka uliofuata kundi hilo likaonyesha kwamba mzunguko wa zinki na shaba mwilini mwa watoto wenye usonji hauendi kwa mpangilio ule ule wa wengine.

Habari hiyo isomwe kwa makini. Mapacha hao walikaa tumbo moja na kulelewa nyumba moja, wakala chakula kile kile. Kilichotofautiana, kwa sehemu kubwa, ni jinsi kila mwili ulivyozipokea na kuzitumia metali zile zile. Huenda basi tofauti hiyo ni sehemu ya usonji wenyewe, si chanzo chake. Mapacha waliopimwa pia walikuwa wachache. Utafiti wa aina hii haumtii hatiani mkulima aliyepulizia mibuni yake.

Kuhusu zebaki, ushahidi mzito umetoka Bahari yetu ya Hindi. Shelisheli watu hula samaki karibu kila siku, na samaki wa baharini wana zebaki. Wanasayansi walipima nywele za akina mama ili kujua kiasi walichokuwa nacho wakati wa ujauzito, wakawafuatilia watoto wao hadi ukubwani. Matokeo ya mwaka 2013, yaliyohusu watoto na vijana 1,784, hayakuonyesha dalili za usonji zikiongezeka kwa waliopata zebaki nyingi zaidi tumboni. Chanjo nazo zimechunguzwa. Denmark iliacha kutumia kihifadhi chenye zebaki mwaka 1992, na idadi ya watoto waliogundulika kuwa na usonji ikaendelea kupanda. Mwaka 2025 utafiti wa huko huko kwa watoto zaidi ya milioni 1.2 haukuona usonji ukiongezeka kutokana na aluminiamu ya kwenye chanjo.

Risasi haina utetezi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwamwagia wakazi sumu hiyo kwa miaka, hadi mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi hupunguza akili ya mtoto na kuvuruga utulivu wake, na hakuna kiwango chake kilicho salama. Sababu hiyo inatosha kumweka mtoto mbali na betri zinazopasuliwa na rangi kuukuu zinazobanduka, hata neno usonji lisipotajwa.

Chanzo kikubwa cha usonji ni urithi wa vinasaba. Hapa Tanzania ipo njia nyingine inayostahili kuangaliwa zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza watoto watatu waliokuwa wakikua vizuri, kisha wakaonyesha usonji walipopona malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege.

Hatari iliyo karibu zaidi ni tiba za "kusafisha metali". Mwaka 2005, Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki baada ya kudungwa dawa ya aina hiyo. Mzazi anayeona mtoto wa mwaka mmoja na nusu haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, ashuke Moshi, hospitali ya KCMC au kituo cha watoto cha Gabriella, mtoto apimwe na kuanza mazoezi ya mawasiliano mapema. Nauli hiyo itamsaidia mtoto kuliko kipimo cha metali kwenye nywele kinachouzwa mtandaoni.