Tujenge Viwanja vya Mazoezi Majumbani Mwetu

Zamani mtu wa Midia aliyekuwa na safari ya kwenda sokoni Koboko alikwenda kwa miguu, na mzigo wake kichwani. Siku hizi boda boda humchukua mlangoni pake na kumteremsha mbele ya duka. Hatuyalaumu maendeleo hayo, maana yameokoa wagonjwa wengi na kukuza biashara. Lakini mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni, na maradhi ya shinikizo la damu na kisukari, ambayo wengi waliyadhania kuwa ni ya matajiri wa mijini, yanabisha hodi vijijini pia.

Kwa hiyo tumeona inafaa kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mahali pa kufanyia mazoezi nyumbani: jinsi ya kupachagua, kupajenga na kupapamba, ili pawe pa manufaa kwa jamaa yote.

Wako watakaouliza: mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri ana haja gani ya mazoezi? Swali hilo ni la haki. Kulima ni mazoezi makubwa, na mkulima hana haja ya kuongezewa jasho. Hata hivyo, jembe huukunja mgongo upande mmoja tu, na anayelima hufaidika akipata mahali pa kujinyoosha na kuning'inia kidogo jioni. Tena si sote tunaolima. Mwalimu, karani, dereva, mwenye duka na fundi cherehani hushinda wameketi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku 5.

Faida ya kuwa na mahali pa namna hiyo ilidhihirika Aprili 2020, wakati wa janga la korona, watu walipokatazwa kufanya mazoezi nje kwa makundi. Rais wa Jamhuri mwenyewe alionyeshwa katika filamu akifanya mazoezi ndani, pasipo viatu, ili awape wananchi mfano. Wengi waligundua siku hizo kwamba ndani ya nyumba zao hapakuwa na nafasi hata ya kunyoosha mikono.

Sasa tuanze na mahali penyewe. Nafasi ya mita 3 kwa mita 4 yatosha watu wawili au watatu. Ichaguliwe penye kivuli cha asubuhi na penye upepo, mbali na jiko na moshi wake. Sakafu inyanyuliwe kiasi cha shibiri moja ili maji ya mvua yasituame, kisha ishindiliwe kwa udongo wa kichuguu, ambao ukikauka huwa mgumu na laini. Paa la nyasi ni bora kuliko bati, kwa sababu bati huleta joto kali mchana na kelele wakati wa mvua. Kuta zisizidi urefu wa kifua, ili hewa ipite. Juu yake pawekwe wigo wa matete.

Kuhusu vifaa, jeshini tumejifunza kwamba gogo, kamba na chuma cha kuning'inia hutosha kumfanya kuruta kuwa askari. Nguzo mbili za mti mgumu zichimbiwe chini robo tatu ya mita, na ncha zake ziunguzwe kwanza kwa moto ili mchwa wasizile upesi. Juu yake lipitishwe bomba la chuma, lifungwe barabara, na lijaribiwe kwa uzito wa watu wawili kabla ya mtu mmoja kulitumia. Bomba la pili liwekwe usawa wa kiuno kwa ajili ya watoto na wazee.

Vyuma vya kunyanyua havina haja ya kununuliwa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi jerikeni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, na likijaa mchanga mkavu hupita kilo 30. Mkebe wa lita 2 ukijazwa zege ya saruji na kokoto hufikia karibu kilo 5. Mikebe miwili katika ncha za bomba fupi ni chombo kamili. Zege hiyo inyweshwe maji siku 7 na isitumiwe kwa haraka, maana zege changa hupasuka na kuumiza miguu. Anayeona vifaa hivi ni vya aibu na amkumbuke John Akii-Bua, polisi wa Uganda, aliyefanya mazoezi ya kuruka viunzi huku amevaa fulana iliyotiwa vitu vizito, na tarehe 2 Septemba 1972 akashinda mbio za mita 400 kuruka viunzi huko Munich kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia.

Uzuri nao una kazi yake. Mahali pachafu hapamwiti mtu. Kuta zipakwe udongo mweupe na mwekundu, kama akina mama wanavyozipamba nyumba. Kila kifaa kiwe na mahali pake, na kila mkebe uandikwe kilo zake kwa rangi. Kamba itundikwe, mkeka ukunjwe, sakafu ifagiliwe. Mpangilio wa namna hii huzuia ajali na hauna gharama.

Wigo ule wa matete tulioutaja una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mabinti na akina mama wengi huacha mazoezi kwa sababu hawataki kutazamwa na wapita njia, na heshima hiyo tunaitambua. Nyuma ya wigo wanaweza kuruka kamba na kunyanyua uzito kwa utulivu. Tusisahau kwamba binti wa Arua, Dorcus Inzikuru, ndiye aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Helsinki mwaka 2005, mara ya kwanza mbio hizo kufanyika kwa wanawake katika mashindano ya dunia. Huenda mwingine kama yeye yumo katika ua wa jirani, naye hana pa kuanzia.

Tahadhari chache ni za lazima. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au aliyevuka miaka 40 bila mazoezi, apite kwanza kituo cha afya. Radi inapoanza kunguruma, mtu asiguse chuma wala asisimame chini ya mwembe. Watoto wasiachwe peke yao na vitu vizito.

Kwa vijana wanaotamani kuvaa sare tuna neno moja. Siku ya kuandikishwa hupimwa kwa mbio, na mbio hazifundishwi kwa wiki moja. Wengi hurudishwa nyumbani pumzi zikiwa zimewaishia, ingawa vyeti vyao ni vizuri. Aliyejizoeza mwaka mzima katika ua wa baba yake hana la kuogopa siku hiyo.

Basi kila mwenye ua na apime mita zake 3 kwa 4 kabla ya mvua kuanza, udongo ungali mkavu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na afya njema i mvunguni.