Ucha Mungu kwenye mizani ya pamba



Vitabu vya kale vya kiroho wengi tunaviheshimu bila kuvisoma. Tunasema ni vya mapadre na watawa. Leo nakuomba tufungue kimoja.

Mwaka 1609 Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alitoa kitabu kilichotokana na barua alizomwandikia mama mmoja mwenye ndoa. Humo anamwita msomaji Filotea, yaani anayempenda Mungu. Wakati ule wengi walidhani utakatifu ni wa watu wa monasterini. Yeye alikataa. Alifundisha kwamba ucha Mungu wa askofu si sawa na wa fundi, wala wa mjane si sawa na wa mwenye ndoa. Fundi akishinda kanisani kutwa nzima na kazi za watu zimelala, amekosea. Ibada ya kweli haiharibu kazi ya mtu, huikamilisha.

Ukimsoma hapa Malampaka, palipoandikwa fundi weka mkulima wa pamba. Ucha Mungu wake ukoje? Msimu ukifika, yupo anayenyunyizia pamba maji au kuchanganya mchanga ili kilo ziongezeke. Yupo pia mnunuzi anayechezea mizani ili kilo zipungue. Jumapili wote wawili wanakaa benchi moja na kupeana amani. Hapo ndipo kitabu cha miaka 400 kinapoacha kuwa cha kale.

Mtakatifu huyu anashauri kwamba baada ya tafakari uondoke na wazo moja au mawili, kama mtu atokaye bustanini na maua machache ya kunusa siku nzima. Sisi huku hatuna desturi ya kutembea na maua. Basi libebe wazo lako kama karanga mfukoni, ulitafune polepole njiani kwenda shamba.

Kwa hiyo usisome haraka. Soma ukurasa mmoja jioni, na palipoandikwa Filotea weka jina lako. Mimi niliweka langu, nikamkuta padre anayeharakisha maungamo kwa sababu anawahi kigango kingine. Sikufurahi, lakini Jumamosi iliyofuata nilikaa kitini mpaka mtu wa mwisho.

Wewe ukiweka jina lako, utamkuta nani?

Nawatakia Dominika njema.