Kiwanda Kinachozaa Mashine

Wakati wa mavuno mashine ya kusaga hulia tangu asubuhi huko Tengeru na Nkoaranga. Akina mama hupanga madebe yao kwenye foleni. Siku moja mashine inanyamaza. Fundi anaifungua, anatikisa kichwa. Shafti imekatika.

Je, mashine nzima itupwe? Hapana. Kinachotakiwa ni kipande kimoja cha chuma. Lakini nani atakitengeneza?

Fundi atakwenda Arusha mjini, kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. Mashine hii hukamata kipande cha chuma na kukizungusha kwa kasi. Kisu kigumu husogezwa taratibu, nacho hukwangua chuma mpaka kipimo kitimie. Fundi akikosea kwa unene wa unywele tu, shafti haitaingia kwenye beringi. Na mashine hiyo hiyo inaweza kukereza vipuri vya mashine nyingine kama yenyewe. Ndiyo maana tunasema ni mashine mama.

Sasa tujiulize: mashine mama zenyewe hutoka wapi? Nyingi huagizwa ng'ambo. Lakini sisi Watanzania tuliwahi kuamua kutengeneza za kwetu. Mwaka 1975 nchi yetu ilianza mpango wa viwanda vya msingi, yaani viwanda vinavyosaidia viwanda vingine. Kutokana na fikra hiyo, katika miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha mashine kwa msaada wa Bulgaria. Kiko Wilaya ya Hai, jirani zetu wa njia ya Moshi. Jina lake kwa kifupi ni KMTC, nacho ni mali ya umma chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Hapa Arusha nako, mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha TEMDO, shirika la kubuni mashine na mitambo.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lakini KMTC ilipata taabu. Kwa miaka mingi ilifanya kazi ndogo kuliko uwezo wake. Kwa nini kiwanda cha namna hii hupata taabu? Tueleze sababu tatu.

Kwanza, wateja ni wachache. Mkulima akinunua jembe, baada ya misimu michache atarudi dukani. Mwenye karakana akinunua mashine ya kukereza, huenda asirudi kwa miaka 20 au zaidi.

Pili, mashine hizi zinataka chuma kizuri cha kusubu. Chuma na vipuri vikitoka nje, lazima ziwepo fedha za kigeni. Katika miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa haba sana. Hata petroli ilikuwa ya kutafuta.

Tatu, milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka hiyo, bidhaa za nje zilimiminika. Kiwanda kinachotengeneza mashine chache hakiwezi kushindana kwa bei na kile cha ng'ambo kinachotengeneza maelfu.

Wapo wanaosema kiwanda kinachokula kodi bila kuzalisha ni mzigo kwa wananchi. Hawakukosea. Lakini tukumbuke jambo moja: kiwanda kikifa, ufundi nao hufa. Majengo hujengwa kwa miaka miwili au mitatu, fundi hodari huchukua miaka mingi. Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Katika miaka ya karibuni Serikali, kupitia NDC, imefanya juhudi za kuifufua KMTC. Sisi tunaona njia ya kuponea ni vipuri. Mashine mama haiuziki kila siku, lakini shafti, gia na puli za viwanda na za vijijini huharibika kila siku. Oda ndogo ndogo zikiwa nyingi hulipa mishahara.

Nasi tuna sehemu yetu. Kipuri kikivunjika usikitupe. Kipeleke kwa fundi ili apime. Kabla ya kuagiza cha nje, uliza kwanza kama chaweza kutengenezwa hapa hapa.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini mashine ya kukereza inaitwa mashine mama?

2. Taja sababu mbili zinazofanya kiwanda cha namna hii kipate taabu.

3. Mashine ya kusaga ya kijiji chenu ikiharibika, kipuri hutoka wapi, na hungojewa siku ngapi?