Karavani Tano na Hema la Kitanda

Mkulima wa Uingereza mwenye kipande cha malisho nyuma ya zizi anaweza kukaribisha karavani tano zilale hapo bila kuomba kibali cha halmashauri wala leseni ya kambi. Halazimiki kujenga bafu, mgahawa wala ofisi ya mapokezi. Anachotakiwa kuwa nacho ni bomba la maji safi, mahali pa kumwagia vyoo vya karavani, mahali pa taka, njia ya kupitisha gari na mzigo linaouvuta, na cheti cha klabu ya karavani. Idadi ni tano. Ikiingia ya sita, kinga yote ya kisheria inaanguka.

Kambi za namna hiyo zimetapakaa nchi nzima, kuanzia Devon hadi nyanda za juu za Uskoti. Klabu iitwayo Caravan and Motorhome Club pekee ina zaidi ya 2,000, na Camping and Caravanning Club nayo ina zake. Ni za wanachama tu, na wanachama wanazipenda kwa sababu ya utulivu. Jioni mgeni ana majirani wanne, kondoo ng'ambo ya uzio, na trei ya mayai iliyoachwa langoni pamoja na kopo la kutilia pesa.

Katika miaka ishirini iliyopita, upande wa pili wa uzio huo kumeanza kuota vitu vingine: mahema makubwa ya turubai yenye vitanda vya mbao na jiko la kuni, vibanda vya wachungaji vyenye magurudumu ya chuma, yurti za mviringo kama za Mongolia, na vijumba vya mbao vyenye paa la mgongo wa kobe. Waingereza waliunganisha neno la fahari na neno la kupiga kambi wakapata neno moja, glamping, ambalo kamusi kuu ya Oxford ililipokea mwaka 2016. Kwa Kiswahili linaelezeka vizuri kama kambi ya kifahari. Mgeni haji na hema wala godoro. Anakuta kitanda kimetandikwa na kuni zimepangwa mlangoni.

Kwa mkulima, mambo haya mawili yanaonekana kuwa biashara moja: watu wanalala shambani, wanalipa, wanaondoka. Kwa sheria ni biashara mbili tofauti kabisa, na wanaozichanganya wanaweza kupoteza zote mbili.

Tofauti hiyo ina historia ndefu. Neno karavani lilitoka Uajemi, na maana yake ya kwanza ni kile ambacho Mswahili anakiita msafara: mstari wa ngamia na wafanyabiashara wanaosindikizana njiani. Waingereza walilihamishia kwenye gari la kukokotwa lenye paa, kisha kwenye nyumba ya mapumziko iliyo juu ya magurudumu. Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, aliagiza gari la aina hiyo kutoka kiwanda cha mabehewa cha Bristol. Alilipa jina la Wanderer, likavutwa na farasi wawili hadi Uskoti, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Alikuwa na mwendesha farasi na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu barabarani. Kwa hiyo karavani ya kwanza ya starehe ilikuwa jambo la fahari tupu. Klabu ya karavani, ambayo leo ni Caravan and Motorhome Club, ilipoundwa mwaka 1907, magari yake bado yalikuwa ya farasi.

Mkondo wa pili ulianza kwa mtu wa kipato cha kawaida. Thomas Hiram Holding, fundi cherehani, alishona mahema mepesi ya kufungwa kwenye baiskeli, na mwaka 1901 akapiga kambi Wantage pamoja na wenzake wachache. Chama walichokiunda ndicho leo Camping and Caravanning Club. Miongoni mwa marais wake alikuwamo Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye alimalizia siku zake Nyeri, Kenya, na kuzikwa huko mwaka 1941.

Sheria ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya shida. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zilikuwa haba Uingereza, na maelfu ya familia zikahamia kwenye karavani zilizobanana viwanjani bila maji ya kutosha wala vyoo. Mwaka 1959 serikali ilipokea ripoti ya Sir Arton Wilson kuhusu hali hiyo, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Maeneo ya Karavani na Udhibiti wa Uendelezaji. Tangu hapo, mwenye kutumia ardhi yake kama kambi ya karavani lazima awe na kibali cha matumizi ya ardhi na leseni ya halmashauri.

Lakini klabu ziliheshimiwa. Zilikuwa zimejisimamia kwa zaidi ya nusu karne, zikiwa na kanuni zao na wakaguzi wao. Ndiyo maana jedwali la kwanza la sheria hiyo liliruhusu klabu iliyotambuliwa kutoa cheti kwa kipande cha ardhi, ikithibitisha kwamba kinafaa kwa mapumziko ya wanachama wake. Cheti kinadumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kisha kinahuishwa. Kikiwapo, na karavani zikiwa hazizidi tano, leseni ya halmashauri haihitajiki. Kanuni za mipango ya ardhi nazo zinatoa ruhusa sambamba, hivyo mkulima hajazi fomu ya kibali.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Msamaha huo hautokani na udogo wa kiwanja, na mkulima hana mamlaka ya kumkodishia yeyote anayepita. Unatokana na uanachama: bunge liliamini klabu, klabu inawaamini wanachama, na mkulima anafaidika na uaminifu huo. Mgeni asiye mwanachama akilipia kitanda katika eneo lenye cheti, mnyororo umekatika, hata kama siku hiyo kuna karavani moja tu kiwanjani.

Sasa kichukuliwe kibanda cha mchungaji. Karne ya kumi na tisa, wachungaji wa kusini mwa Uingereza walikivuta hadi malishoni majira ya kondoo kuzaa, wakalala humo usiku wa baridi karibu na zizi. Leo kinatiwa kitanda, sufi ya kuzuia baridi na bafu dogo. Mwaka 2017 waziri mkuu wa zamani, David Cameron, alinunua kimoja kwa pauni 25,000 ili aandikie humo kumbukumbu zake. Mtu akikitazama anaona nyumba ndogo ya kupendeza. Sheria ya 1960 inaona karavani, kwa sababu inaita karavani jengo lolote lililotengenezwa kwa makazi ya watu na linaloweza kuhamishwa, iwe kwa kuvutwa au kwa kupakiwa kwenye lori. Vijumba vingi vya mbao vya kambi za kifahari vinaangukia humo humo. Hata jumba la vipande viwili linaweza kuwa karavani, mradi katika Uingereza lisizidi mita 20 kwa urefu, mita 6.8 kwa upana na mita 3.05 kwa kimo cha ndani.

Maana yake kwa mkulima ni hii: akiweka kibanda cha mchungaji ndani ya eneo lenye cheti, kinahesabiwa katika zile tano. Akikikodisha kwa watu wa nje ya klabu, amekwisha kutoka kwenye msamaha. Kibanda hicho kinahitaji kibali chake na leseni yake, katika kipande chake cha ardhi.

Hema nalo lina hesabu nyingine. Sheria ya karavani inalitaja waziwazi kuwa si karavani, na kwa sababu hiyo watu hudhani liko huru. Haliko huru. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu kuhusu hema la sherehe la hoteli moja huko Harrow, London. Lilikuwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita 17, likisimamishwa kila Februari na kuondolewa Oktoba. Mahakama ilikubali kwamba lilikuwa jengo, kwa kupima mambo matatu: ukubwa, muda wa kukaa, na namna lilivyoshikamana na ardhi. Hema la kifahari lililowekwa juu ya sakafu ya mbao, likaungwa bomba la maji na dohani la jiko, linaweza kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Kuna mlango mwingine unaofaa kujulikana. Tangu Julai 2023, kanuni za mipango za Uingereza zinaruhusu kambi ya muda ya siku 60 kwa mwaka, yenye nafasi zisizozidi 50, bila ombi kamili la kibali. Mkulima anaiarifu halmashauri kwanza, na lazima aweke vyoo na utaratibu wa taka. Ruhusa hiyo inahusu mahema na magari ya kulala. Karavani za kuvutwa hazimo, na maeneo fulani ya hifadhi hayaruhusiwi. Kwa anayetaka kujaribu mahema matatu ya turubai wakati wa likizo ya Agosti kabla ya kuzamisha mtaji, ni njia ya busara. Siku zikiisha, mahema yanang'olewa na ng'ombe wanarudi.

Mvuto wa fedha ni mkubwa, na wakulima hawastahili kulaumiwa kwa kuufuata. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001 ulifunga njia za mashambani na kuteketeza mifugo kwa mamilioni. Baada ya nchi kutoka Umoja wa Ulaya, ruzuku ya zamani iliyolipwa kwa ukubwa wa shamba ilianza kupunguzwa mwaka 2021. Nafasi ya karavani katika kambi ndogo huleta kiasi kidogo kwa usiku, ilhali hema lenye kitanda linaweza kuleta mara kadhaa ya hicho. Pesa hiyo, hata hivyo, inakuja na kazi ambayo kambi ya karavani haina.

Mwenye karavani huja na kitanda chake, gesi yake na kengele yake ya moshi. Mgeni wa hema la kifahari anategemea vya mwenyeji. Hapo mkulima anakuwa mwenye nyumba ya wageni: anapaswa kufanya tathmini ya hatari za moto chini ya agizo la mwaka 2005, makochi na magodoro yake lazima yatimize kanuni za moto za mwaka 1988, na kama maji yanatoka kisima chake mwenyewe lazima yapimwe. Shuka zifuliwe, majivu yazolewe, na kila anayeingia aelekezwe jiko linavyowashwa.

Jiko hilo ndilo linalostahili kuogopwa zaidi. Mswahili anajua hatari ya kulala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na turubai lililokazwa vizuri huishika kama ukuta wa matofali. Uingereza imewahi kupoteza watu walioingiza jiko la kuchomea nyama ndani ya hema ili wapate joto. Thomas Hardy, katika riwaya yake ya mwaka 1874 kuhusu mchungaji Gabriel Oak, alimfanya shujaa huyo anusurike kifo kibandani kwa sababu matundu ya hewa yalikuwa yamefungwa na moto unawaka. Kibanda cha kukodisha chenye jiko kinahitaji kengele ya hewa hiyo, dohani lililosafishwa, na matundu ambayo mgeni hawezi kuyaziba kwa sababu ya baridi.

Maji taka nayo yana mtego wake. Vyoo vya karavani hutiwa dawa ya kuua vijidudu na kuzuia harufu. Mkulima akielekeza maji hayo kwenye shimo dogo la septiki linalohudumia nyumba yake na bafu la hema, dawa inaua bakteria wanaosaga uchafu humo. Baada ya wiki chache shimo linajaa na kunuka, na mtaro wa jirani unaharibika. Shimo la karavani na shimo la hema vinapaswa kutenganishwa, au tangi lijengwe la kupakuliwa na gari.

Kitu kimoja katika biashara hii kimetoka kwetu. Hema kubwa la turubai lenye veranda linaitwa na Waingereza hema la safari, na neno lenyewe ni la Kiswahili. Theodore Roosevelt alipoingia Mombasa mwezi Aprili 1909 kuanza uwindaji wake, mahema, vitabu na vyombo vyake vilibebwa na zaidi ya wapagazi 200. Starehe ya kulala porini kitandani ilisimama juu ya mabega ya watu hao. Klabu za Uingereza zenyewe leo huweka mahema ya mtindo huo katika kambi zao kubwa, zenye vibali kamili na wafanyakazi wa kudumu, ambako kuna nafasi ya kila mgeni.

Kambi ndogo ya karavani tano ni kitu kingine, na inafaa kulindwa kama ilivyo. Inamwezesha mkulima mwenye mtaji mdogo kupokea wageni, na inamwezesha mstaafu mwenye pensheni ndogo kulala wiki nzima kando ya mto. Mkulima anayetaka hema la kifahari pia anaweza kulipata bila kuiua. Huanza na ramani ya shamba, na hutenga eneo la cheti na eneo la mahema kwa mstari unaoonekana. Kisha huiarifu klabu yake kabla ya kuchimba kitu, humwendea afisa mipango wa halmashauri akiwa na vipimo, na hupanga njia mbili za kuingilia. Wageni wa mahema, ambao mara nyingi huja kwa makundi ya siku za kuzaliwa na harusi, huelekezwa chini karibu na barabara. Zile karavani tano hubaki juu, karibu na bomba, pale zilipokuwa tangu cheti cha kwanza.